Hadubini ya kioo, ya taa au ya karatasi: ipi inunuliwe ili mwanafunzi aione seli kwa jicho lake?

Malipo ya korosho yalipotoka, wazazi wa shule moja ya kata wilayani Tandahimba walikubaliana kuchangia hadubini za maabara. Mwenyekiti wa kamati yao, mzee mkulima, alinipigia simu jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nina karatasi ya bei hapa mkononi, ina mashine nne. Moja wameandika inakuza mara 1200, na bei yake ni ya chini. Nyingine inakuza mara 400 tu, na ni ghali. Hawa watu wanatuibia?"

"Hapana, mzee wangu, kwa hiyo ya mara 400 hawajawaibia. Ila hiyo ya mara 1200 msiinunue."

Kumweleza sababu kulichukua karibu nusu saa, na salio lake likaisha katikati. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na walimu wenzangu wa Masasi, Ruangwa na Lindi mjini, kila mmoja akiwa na karatasi ya bei ya namna ileile. Nimefundisha baiolojia huku Kusini, mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa miaka 11, kwanza pwani upande wa Mikindani na sasa bara, na hadubini za aina zote nne zimepita mikononi mwangu: ya kioo kinachoelekeza mwanga wa anga, ya taa ya chaji, ya karatasi, na ya kuchomeka kwenye kompyuta. Haya ndiyo ninayowaambia.

Mnataka mtoto aone nini?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kwamba seli ya mmea ina ukuta, utando, saitoplazimu, kiini, vakuoli kubwa na kloroplasti, na kwamba seli ya mnyama haina ukuta wala kloroplasti. Halafu hupewa mchoro wa kitabuni: mitokondria kama maharage, ribosomu kama punje za ulezi, Golgi kama chapati zilizopangwa. Mchoro ule ni wa kweli, lakini umekusanya pamoja vitu vilivyoonwa kwa vyombo viwili tofauti kabisa. Ukuta, kiini, vakuoli na kloroplasti huonekana kwa hadubini ya mwanga, hii ya shuleni. Ribosomu na mikunjo ya ndani ya mitokondria zilisubiri hadubini ya elektroni, inayotumia miale ya elektroni badala ya mwanga, ambayo Max Knoll na Ernst Ruska waliiunda Berlin mwaka 1931. George Palade alizieleza ribosomu katika miaka ya 1950.

Kinachozuia ni mwanga wenyewe. Mwanga ni mawimbi, na mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kupita kiasi fulani, mwanga hauwezi kuvitenganisha hata lenzi ikisuguliwa vipi. Mpaka huo ni kama maikromita 0.2, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Fikirieni fundi wa vinyago anayetaka kufuata nakshi ya mpingo kwa kidole gumba. Nakshi ikiwa nyembamba kuliko kidole, kidole hupita juu yake bila kuihisi. Ribosomu ina upana wa nanomita 20 hadi 30, yaani takribani sehemu moja ya kumi ya mpaka huo. Hakuna hadubini ya dukani itakayoionyesha, iwe imeandikwa mara 1200 au mara 5000.

Mitokondria iko mpakani. Upana wake ni kati ya nusu maikromita na maikromita moja, lakini haina rangi, kwa hiyo bila dawa maalumu ya kuipaka huwa ni kama tone la maji ndani ya maji. Mwalimu anayemwambia mtoto "tafuta mitokondria" kwenye ngozi ya kitunguu anamfundisha kusema uongo. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimesahihisha daftari nyingi ambamo mtoto ameangalia kitunguu, akaona ukuta na kiini tu, kisha akachora mitokondria sita kwa sababu kitabu kinazo.

Vilivyobaki ni vikubwa vya kutosha. Seli ya ngozi ya kitunguu hufikia robo milimita kwa urefu, na mara nyingi huzidi. Seli ya shavu la mtu ni kama maikromita 60. Kiini chake ni kati ya 5 na 10. Kloroplasti ni karibu 5, na seli nyekundu ya damu ni kama 7 au 8. Vyote hivi vimo ndani ya uwezo wa hadubini yenye lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi za chini za mara 4, 10 na 40. Ukizidisha unapata mara 40, 100 na 400, na kwa kidato cha kwanza hadi cha nne hapo panatosha.

Namba iliyo pembeni ya lenzi

Mkiwa dukani, acheni kusoma boksi. Someni chuma cha lenzi ya chini. Lenzi ya mara 40 iliyotengenezwa vizuri huwa imeandikwa 40/0.65 na chini yake 160/0.17. Namba 160 ni urefu wa bomba la hadubini kwa milimita. Namba 0.17 ni unene wa kifuniko cha slaidi, kwa milimita pia, na ndiyo maana kipande cha kioo cha dirisha hakifai kuwa kifuniko. Lakini namba yenye thamani kuliko zote ni ile 0.65. Inaeleza lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na upana huo ndio unaoamua udogo wa kitu kitakachoonekana. Lenzi ya 0.65 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu maikromita hivi.

Kanuni ya mafundi wa lenzi ni rahisi: ukuzaji wenye faida hauzidi mara elfu moja ya namba hiyo. Kwa 0.65, mwisho ni mara 650. Ukibandika lenzi ya jicho ya mara 25 juu ya lenzi ya mara 40 unapata mara 1000 kwenye hesabu, ila machoni unapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Hadubini za plastiki zinazojitangaza mara 1200 zimejengwa kwa ujanja huo, na mara nyingi lenzi zake hazina hata hiyo namba ya pili.

Kuna kipimo kingine hakihitaji hesabu nyingi. Wekeni rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya mara 4. Kwa hadubini nyingi za shule mtaona kama milimita 4 na nusu kutoka ukingo hadi ukingo wa duara. Basi kwa lenzi ya mara 40 duara hilo ni sehemu yake ya kumi, yaani milimita 0.45. Mwanafunzi akihesabu seli mbili za kitunguu zimejaza duara lote, tayari amepima seli. Nimewaona watoto wakishangilia hapo kuliko walivyoshangilia kuiona seli yenyewe.

Nne hizi, ubavu kwa ubavu

| | Ya kioo | Ya taa ya chaji | Ya karatasi | Ya kuchomeka kwenye kompyuta |
|---|---|---|---|---|
| Ukuzaji unaotumika kweli | 40 hadi 400 | 40 hadi 400. Hufika 1000 ikiwa na kondensa (lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya mwanga) na lenzi ya mafuta | karibu 140 | mdogo, hutegemea na skrini |
| Ukuta wa seli ya kitunguu | wazi | wazi | wazi | hafifu |
| Kiini cha seli ya shavu | ndiyo, anga ikiwa nyeupe | ndiyo, saa yoyote | kwa taabu, ikipakwa rangi | hapana |
| Umeme | hauhitajiki | wa kuchaji tu | hauhitajiki | muda wote |
| Waonao kwa pamoja | mmoja | mmoja | mmoja | darasa zima |

Jedwali halisemi yote, na baadhi ya niliyojifunza yalinigharimu.

Hadubini ya kioo ndiyo niliyoanza nayo, na bado naipenda. Ina kioo cha pande mbili chini ya jukwaa, upande mmoja bapa na mwingine mbonyeo. Kama haina kondensa, tumieni ule mbonyeo. Kama inayo, tumieni ule bapa. Kule Mikindani darasa langu lilikuwa na madirisha yanayotazama bahari, na asubuhi mwanga wa anga ulikuwa mwingi mno, seli zikaonekana kama zimechorwa kwa kalamu. Lakini kuanzia Desemba mawingu ya mvua yakifunga, lenzi ya mara 40 hugeuka kiza, na somo lililopangwa saa nane mchana huharibika. Tena kuna hatari moja isiyo na mjadala: kioo kisielekezwe kwenye jua hata kidogo. Kielekezwe kwenye anga jeupe, au kwenye ukuta uliopakwa chokaa ulio kwenye mwanga. Jua likipita kwenye lenzi huunguza jicho, na mtoto wa miaka 14 hawezi kulijua hilo asipoambiwa kila mara, kila kipindi.

Ya taa ya chaji ndiyo ninayoipendekeza kwa shule nyingi. Taa zake za LED hazipashi moto sampuli, kwa hiyo slaidi yenye mdudu wa maji ya bwawani haikauki, na mdudu hafi kabla ya mwanafunzi wa kumi. Mwanga ni uleule asubuhi na alasiri, mvua na kiangazi. Umeme ukikatika mchana, chaji ya jana inafanya kazi. Kabla ya kulipa, fungueni mahali pa betri mtazame. Kama ni betri za kawaida za kuchaji, zile zinazopatikana Mtwara mjini au Masasi, vizuri. Kama ni betri ya umbo la pekee iliyogandishwa ndani, siku itakapokufa na hadubini imekufa nayo. Zipo pia zinazouzwa pamoja na kioo cha akiba kinachochomekwa mahali pa taa. Mkizikuta hizo, ongezeni pesa kidogo mzichukue, kwa sababu mmenunua hadubini mbili katika chombo kimoja.

Ya karatasi ilinishangaza. Inaitwa Foldscope, na ilibuniwa na Manu Prakash pamoja na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Stanford. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2014, na lengo lao lilikuwa vifaa vya kuitengeneza visizidi dola 1. Hukunjwa kama bahasha, na moyo wake ni lenzi moja ndogo ya duara. Kwa namna fulani ni kurudi nyuma kwa heshima, maana Antonie van Leeuwenhoek wa Delft alitumia lenzi mojamoja zilizosuguliwa kwa mkono alipoona viumbe vya tone la maji katika miaka ya 1670. Hii ya karatasi hukuza kama mara 140 na hutenganisha vitu vya maikromita 2. Ukuta wa seli, stomata za jani (vitundu vyake vya hewa), chembe za wanga, na mayai ya vijidudu vikubwa vinaonekana. Ugumu wake uko mikononi: lazima uisogeze karibu na jicho na kuisukuma kwa vidole viwili bila kutetemeka. Mwanafunzi mmoja mwenye subira atafurahi nayo shambani Jumamosi nzima. Wanafunzi 60 katika kipindi kimoja watanung'unika.

Ya kuchomeka kwenye kompyuta nitaisema kwa ufupi. Kwa wadudu, kwa ngozi ya jani, kwa mbu wa mikorosho aliyekamatwa kwenye chipukizi, ni nzuri sana. Kwa seli haifai. Namba kubwa wanayoiandika ni pamoja na ukubwa wa skrini, na ukiweka televisheni kubwa zaidi namba hiyo hupanda bila chochote kipya kuonekana.

Hesabu ya dakika

Kipindi pacha cha vitendo ni dakika 80. Darasa la wanafunzi 60 na hadubini moja, hata iwe ya thamani namna gani, kila mtoto hupata dakika moja na kitu, na nusu yake inaishia kwenye "madam, sioni kitu". Hadubini nne rahisi hugawa darasa makundi ya watu 15, na kila mmoja ana dakika tano za kuangalia, kurekebisha na kuchora. Kwa hiyo mkuu wa shule akiniuliza kati ya moja yenye kamera na tatu au nne zisizo na kamera, simfichi: tatu au nne. Kamera mnayo tayari mfukoni. Simu ikishikiliwa juu ya lenzi ya jicho, kwa msaada wa kipande cha boksi kilichotobolewa tundu, hutoa picha ya kutosha kuonyesha darasa zima, na mwanafunzi anaweza kuambiwa "kile cheusi katikati ndicho kiini, sasa nenda ukakitafute mwenyewe".

Ya macho mawili nayo iachwe kwa wanaokaa juu yake saa nyingi. Mtaalamu wa maabara ya hospitali anahitaji macho mawili, pamoja na lenzi ya mara 100 inayotumbukizwa kwenye tone la mafuta, kwa sababu kimelea cha malaria kinachoanza kukua hukaa ndani ya seli nyekundu ya maikromita 7. Hapo mara 1000 ni ya lazima. Lakini mtaalamu huyohuyo akitafuta yai la kichocho kwenye mkojo anatumia mara 100, maana yai lile lina urefu wa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, tena lina mwiba nchani unaolitambulisha mara moja. Maabara moja, mtu mmoja, asubuhi moja, na ukuzaji umechaguliwa na kile kinachotafutwa. Shule ifanye vivyo hivyo.

Sampuli za kwetu, na kila moja inataka nini

Hapa ndipo napata furaha ya kazi hii, na hapa pia ndipo shule nyingi hupoteza pesa kwa kuagiza maboksi ya slaidi zilizokwisha kutengenezwa wakati shamba liko nyuma ya choo cha walimu.

Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alikata kipande chembamba cha gome la kizibo, akaona vyumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kiingereza lililotupa sisi "seli". Kizibo hatuna, lakini tuna muhogo. Vunjeni shina la muhogo lililokomaa, ndani mna uboho mweupe mwepesi kama sponji. Ukateni kwa wembe mpya, mwembamba kiasi kwamba maandishi ya gazeti yanasomeka kupitia kwake, muweke kwenye tone la maji. Kwa mara 40 au 100 mtaona alichokiona Hooke: kuta, kuta, na ndani nafasi tupu. Hadubini ya karatasi inatosha kabisa. Kwa mwanafunzi wa Newala aliyekua akitafuna muhogo, kugundua kwamba shina lile limejengwa kwa vyumba ni jambo halitoki kichwani.

Kisha kwaruzeni mzizi wa muhogo mbichi, mtie tone la iodini. Chembe za wanga hugeuka bluu iliyokaribia nyeusi. Mara 100 inazionyesha kama mchanga, mara 400 inaonyesha umbo la kila moja. Hii ni oganeli, yaani kiungo kidogo cha ndani ya seli, inayoliwa: wanga ule umehifadhiwa ndani ya plastidi zisizo na rangi, ndugu wa kloroplasti waliokaa gizani ardhini.

Kitunguu kila mwalimu anakijua. Neno langu moja tu: iodini iwe nyepesi kama chai ya rangi, na kifuniko kishushwe kwa kuinamishwa upande mmoja kwanza, la sivyo mtoto atachora viputo vya hewa vyenye ukingo mweusi akidhani ni seli. Kiini, ambacho Robert Brown alikipa jina mwaka 1831 akichunguza seli za maua ya okidi, huonekana kwa mara 100 na kupendeza kwa mara 400.

Seli za shavu hupatikana kwa pamba ya kijiti, si kwa ukucha wala kalamu. Kila mtoto na kijiti chake, na baada ya somo slaidi na vijiti vitumbukizwe kwenye maji ya dawa ya klorini. Methilini bluu huzipaka vizuri. Hapa ndipo hadubini ya kioo na ya taa zinapotengana kweli, kwa sababu seli ya shavu ni nyembamba, haina ukuta wa kuishikilia, na mwanga mbaya huifuta. Kama bajeti inaruhusu hadubini moja tu ya taa, itumieni kwa sampuli hii. Damu msiitoe darasani. Hakuna somo la kidato cha pili linalostahili hatari hiyo.

Sampuli ninayoipenda kuliko zote ni ya bure kwa wote wanaoishi pwani, kuanzia Msimbati hadi Kilwa. Lile ua la majani marefu, juu kijani na chini zambarau, linalopandwa kando ya vibaraza, lina ngozi ya chini inayochunika. Wekeni kipande cha ngozi hiyo kwenye maji ya bombani: kila seli imejaa rangi ya zambarau mpaka ukutani, na rangi hiyo yote imo ndani ya vakuoli. Sasa nyonyeni maji kwa karatasi upande mmoja wa kifuniko, na upande wa pili dondosheni tone la maji ya bahari. Ndani ya dakika chache zambarau huanza kujitoa ukutani, hunywea, hukusanyika katikati ya chumba. Utando wa seli, ambao mtoto aliambiwa upo lakini hakuuona, sasa anauona ukingo wake kwa sababu umeachana na ukuta. Rudisheni maji ya kawaida, na seli nyingi hujaa tena. Mara 100 hadi 400, hadubini ya kioo au ya taa. Hakuna mchoro wa hadubini ya elektroni unaoweza kuonyesha hivyo, kwa maana sampuli ya elektroni hukaushwa, hukatwa vipande vyembamba mno na kuwekwa mahali pasipo na hewa. Imekufa. Ya kwetu ingali inaishi, na inasogea mbele ya macho yao.

Na ubwiriunga. Mikorosho ikitoa maua, ule unga mweupe ambao wazazi hupambana nao kwa salfa kila msimu unaweza kubandikwa kwenye gundi ya utepe unaoonyesha, na utepe kubandikwa kwenye slaidi. Kwa mara 100 zinaonekana nyuzi, kwa mara 400 mbegu zake, moja baada ya nyingine. Hizo ni seli za kuvu: zina ukuta, lakini wa kaitini, dutu kama ile ya gamba la mdudu, na hazina kloroplasti, ndiyo maana kuvu hawa hawawezi kujitengenezea chakula na wanalinyonya ua la korosho. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya zao hili. Mtoto wa mkulima akiuona ugonjwa huo kwa jicho lake, jedwali la tofauti za seli za mmea, mnyama na kuvu haliwi tena la kukariri.

Chumvi, unyevu na kabati

Shule moja niliyopangiwa zamani ilikuwa na hadubini mbili nzuri sana. Zilikuwa zimefungiwa kabatini, ndani ya mifuko ya plastiki, ili zisiharibike. Nilipozitoa, lenzi zilikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu walikuwa wameota juu ya kioo, na kuvu wa lenzi hula ile rangi nyembamba ya juu, hata ukiwafuta alama hubaki. Plastiki ilikuwa imefungia unyevu wa pwani ndani. Tangu hapo sitetei hadubini yoyote mbele ya kamati kabla ya kuuliza itakaa wapi.

Pwani, iwekeni kwenye boksi la mbao lenye pakiti za silika, zile ndogo zinazokuja na viatu, nazo zikaushwe kila mwezi. Funikeni kwa kitambaa cha pamba. Chuma kipanguswe upepo wa chumvi ukiwa mwingi. Bara, kule Masasi na Nachingwea, adui ni vumbi: lenzi ipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ndipo ifutwe, maana vumbi likisuguliwa hukwaruza. Na katika mikoa yote miwili, hadubini inayotumiwa kila wiki huishi kuliko inayofichwa.

Nilichomwambia mzee

Mwishowe nilimwambia achukue tatu: mbili za taa ya chaji zenye kioo cha akiba na moja ya kioo, zote zenye lenzi za 4, 10 na 40 zilizofungwa ndani ya chuma. Pesa itakayobaki inunue wembe, slaidi, vifuniko, iodini na methilini bluu, kwa sababu hadubini isiyo na vifuniko vya slaidi ni pambo la ofisi ya mkuu. Hizo za karatasi, kama mtu ataleta chache, ziende kwa klabu ya wanafunzi ya mazingira.

Akaniuliza atajuaje kwamba dukani hawampi mbovu. Nikamwambia aende na kitunguu kimoja, wembe, rula ya plastiki na kijana wake wa kidato cha tatu. Waombe kuwashiwa kila hadubini. Wageuze lenzi kutoka 10 kwenda 40 waone kama kitu kinabaki katikati na karibu wazi bila kuanza upya. Wazungushe kitasa cha kurekebishia juu na chini, jukwaa lisishuke lenyewe. Wachungulie lenzi kwa kuielekeza kwenye mwanga, wakiona nyuzi au ukungu ndani, waiache. Na kama kijana hawezi kuonyesha kiini cha kitunguu kwa lenzi ya 40 ndani ya dakika kumi, wasilipe hata shilingi moja.